Kuruka Kwataka pa Kuangukia

Mwezi wa Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali ya dhahabu ya marathoni, dhahabu ya kwanza ya nchi yetu katika mashindano ya riadha ya dunia. Bara na Visiwani watu walipongezana, na ilikuwa haki yao. Katika mashindano yale yale Armand Duplantis wa Sweden aliruka kwa upondo mita 6.30, kimo ambacho binadamu alikuwa hajapata kukivuka. Habari ya kwanza ilijaa vinywani mwetu. Ya pili tuliipita kama jambo la watu wengine.

Sisi twaona kuwa habari hizo mbili zafaa kusomwa pamoja. Medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu, zote za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980 kwa miguu ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Simbu naye ni mkimbiaji. Hatuna mrukaji wa kumtaja pamoja nao. Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo tulivyoumbwa, kwamba watu wetu ni wa kukimbia. Maneno hayo hayana msingi. Mkimbiaji aweza kuanza na barabara ya vumbi na saa ya kuazima, na akafika mbali kabla hajaonana na afisa yeyote. Mrukaji hawezi. Kila arukapo hapana budi aanguke, na pale anapoangukia lazima pawe pametengenezwa na mtu mwingine kabla yake. Kwa hiyo ukosefu wa warukaji ni suala la vifaa, na suala la vifaa ni suala la mipango.

Leo tunaitazama Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, ingawa iko mbali na bahari na mbali na wengi wa wasomaji wetu. Wazee wa Unguja na Pemba wanaikumbuka Tukuyu kwa soka: mwaka 1986 Tukuyu Stars, wakiwa wageni kabisa katika daraja lile, walitwaa ubingwa wa Bara na kuwaacha wakubwa wa Dar es Salaam wakitazamana. Mji ni mdogo, uko kwenye miteremko ya milima zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Tumeuchagua kwa ajili ya mvua hiyo. Shimo la kurukia litakalodumu Tukuyu litadumu Wete na Makunduchi pia.

Tuanze na shimo lenyewe. Mwenye kuzipitia shule zetu za vijijini atakuta mara nyingi mahali pa kurukia ni udongo uliochimbuliwa kwa jembe asubuhi ya mashindano. Mvua ikinyesha pagumu, jua likiwaka pagumu zaidi. Mtoto anakuja kwa kasi, anaruka mita 4 au 5, kisha visigino vyake vinakutana na kitu kisichotofautiana na sakafu. Akiumia kifundo cha mguu huambiwa kuwa hakuruka vizuri.

Shimo la haki lina hesabu nyepesi. Upana wa mita 3, urefu wa mita 8, kina cha sentimita 40: jumla ni mita za ujazo 9.6 za mchanga, yaani lori mbili za tani saba na ziada kidogo. Mbele yake uwekwe ubao wa kurukia, urefu mita 1.22, upana sentimita 20, uliofukiwa hata ukawa sawa na ardhi. Njia ya kukimbilia iwe mita 40. Hayo tu. Lakini Rungwe yataka jambo la ziada, nalo ndilo hupuuzwa: chini ya mchanga pawekwe tabaka la kokoto na mfereji wa kutoa maji upande wa mteremko, na kingo ziinuliwe ili udongo wa uwanjani usichukuliwe na maji kuingia shimoni. Bila ya hivyo, mchanga ulionunuliwa kwa fedha za umma utageuka tope lililoganda kabla ya mwaka kwisha. Na hata mchanga mzuri hujishindilia ukilowa. Lazima ulimwe kwa jembe na kusawazishwa kwa reki kila siku ya mazoezi, na mtu wa kazi hiyo ajulikane kwa jina.

Kuruka juu ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, na hapa twaomba maofisa elimu watusikilize kwa makini. Zamani warukaji duniani kote waliangukia mchanga au maranda, na kwa sababu hiyo mitindo yao ilikuwa ya kutua kwa miguu au kwa mikono na ubavu. Miaka ya 1960 yalitokea malundo ya sponji: vipande vilivyofungwa ndani ya nyavu, kisha magodoro makubwa. Hapo ndipo kijana wa Marekani, Dick Fosbury, alipoweza kuupeleka mbele mtindo wa kuuvuka mti kwa mgongo, kichwa kikitangulia. Mwaka 1968 alishinda Olimpiki ya Mexico kwa mita 2.24, na baada ya miaka michache karibu dunia nzima ilimfuata. Watu husema Fosbury alibadilisha mchezo. Ni kweli, lakini godoro lilimtangulia. Lau si godoro, mtindo ule ungewavunja watu shingo na usingeenea.

Siku hizi mtoto wa Tukuyu au wa Mkoani huuona mtindo huo katika simu ya mkononi, akatoka uwanjani akaujaribu. Hana godoro. Ana udongo uliochimbuliwa, na huangukia juu yake kwa kisogo. Tunasema wazi: mwalimu yeyote asiruhusu mwanafunzi kuruka kwa mgongo pale ambapo hapana sponji ya kutosha. Afundishe mtindo wa mkasi, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, mrukaji akatua wima kwenye mchanga. Ni mtindo wa zamani, lakini hufundisha mwendo, kukanyaga na kuinuka, na atakayekuwa na kipaji ataonekana. Waraka mmoja wenye maneno hayo ungetosha kuziokoa shingo za watoto, na gharama yake ni karatasi.

Kuhusu mti wa kuvukwa, Rungwe haina haja ya kuagiza chochote. Mianzi inamea katika misitu yake ya mlimani. Ila mwanzi ukivunjika hupasuka na kutoa ncha kama za kisu, basi usitumiwe na wanaojifunza. Utumike kwa nguzo. Kwa mti, bora kamba ya mpira iliyokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli na kufungwa kitambaa cheupe katikati. Mtoto akiigusa inanyooka, haimwumizi. Wasichana wetu wamekuwa wakirukia kamba za namna hiyo vichochoroni tangu zamani bila ya kungojea chama chochote cha riadha.

Mwanzi una historia yake pia katika upondo, ingawa hatupendekezi shule zianze na mchezo huo. Cornelius Warmerdam wa Marekani alivuka mita 4.77 mwaka 1942 kwa upondo wa mwanzi, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1957. Baadaye zilikuja pondo za nyuzi za kioo zinazopinda na kumrusha mtu, na ndizo zilizomfikisha Duplantis alikofika.

Wala tusidhani kwamba kubuni vifaa vya kuruka ni ujuzi wa Ulaya peke yake. Katika safari ya mwaka 1907 na 1908, Adolf Friedrich, wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, alipiga picha nchini Rwanda za vijana waliovuka ugwe uliokuwa juu ya vichwa vya watu waliosimama chini yake. Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Rungwe, na Tukuyu yenyewe ikiitwa Neu Langenburg. Vijana wale walikanyagia juu ya kichuguu kidogo au jiwe, kwa hiyo vimo vyao havilingani na vya leo na hatuvitii katika hesabu. Lakini kile kichuguu ni chombo. Mtu alifikiri, akatafuta kitu cha kumwinua, akakiweka mahali pake. Na mwaka 1954, katika michezo ya Vancouver, Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria alishinda kuruka juu kwa mita 2.03 akiwa amevaa kiatu kimoja tu, na Patrick Etolu wa Uganda akawa wa pili. Jirani yetu huyo alisimama kwenye jukwaa la warukaji zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Tumemtaja Bayi. Medali yake ya Moscow ilikuwa ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mchezo ambao mtu huruka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7. Kiunzi chake ni boriti nzito isiyoanguka, kimo sentimita 91.4 kwa wanaume na 76.2 kwa wanawake, uzito kati ya kilo 80 na 100. Seremala yeyote wa Tukuyu aweza kukitengeneza. Wilayani humo lipo Shamba la Miti la Kiwira, na mbao si za kutafutwa. Tunashangaa kwamba nchi iliyopata medali katika mchezo huo haijavijaza viunzi hivyo katika shule zake.

Linabaki godoro, na hapa ndipo Visiwa vinapoingia. Godoro la mashindano makubwa lina urefu wa mita 6, upana mita 4 na unene wa sentimita 70. Kuliagiza kutoka nje kwa kila wilaya ni ndoto, na hatutaki kuwadanganya wananchi. Lakini nchi yetu ina viwanda vya magodoro ya sponji, na kila kiwanda kina mabaki ya ukataji. Pwani nzima, Unguja na Pemba, kuna nyavu kuukuu zisizofaa tena baharini. Nyavu hizo zishonwe magunia makubwa, zijazwe mabaki ya sponji, zifungwe pamoja na kufunikwa turubai. Tumekwisha kusema kwamba malundo ya kwanza ya Marekani yalikuwa vivyo hivyo. Wako wanaotaja usumba na sufi. Vyaweza kuwafaa wanaotua kwa miguu, lakini hujishindilia upesi, na kwa mrukaji wa mgongo havitoshi. Tusilifanyie mzaha jambo hilo kwa kutaka kuokoa shilingi.

Visiwani mchanga nao si wa kuchota ovyo, kwani una utaratibu wake wa Serikali, na kibali cha lori mbili kwa shule ni jambo la kuombwa mapema. Rungwe mchanga unapatikana, lakini usafiri una gharama. Halmashauri ya Rungwe na ile ya Busokelo zinaweza kuanza na shule nne au tano, zile zenye mwalimu anayependa kazi hiyo, badala ya kugawa ndoo moja ya mchanga kwa kila shule ili pasiwe na manung'uniko. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mwenzake wa Zanzibar wanaweza kuchapisha vipimo hivi kwa Kiswahili katika kijitabu cha kurasa chache, chenye michoro, ili seremala na mwalimu wasihitaji kumngoja mtaalamu.

Kuna fedha nyingi zinazoingia katika viwanja vikubwa kwa ajili ya fainali za soka za Afrika za mwaka 2027, ambazo tumepewa pamoja na Kenya na Uganda. Hatuzipingi. Tunauliza tu kama katika fungu la michezo la kila halmashauri pana mstari ulioandikwa mchanga, mbao na turubai, na kama pana jina la atakayetunza ufunguo wa ghala la vifaa hivyo. Mvua kubwa za Rungwe huanza Novemba. Mashimo yachimbwe na mifereji ikamilike kabla ya hapo.