Mtani Msibani na Mchekeshaji Jukwaani



Juma hili tunapenda kutafakari nanyi juu ya kicheko mbele ya kifo. Zimetufikia rai za baadhi ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kwamba watani wazuiwe katika mazishi ya Kikristo, kwa kuwa eti wanavuruga ibada. Wakati huo huo, katika jumuiya hizo hizo, vijana (na wazee wasiokiri) wanatazama katika simu zao wachekeshaji wa jukwaani wakifanya mzaha juu ya kufa, kuzikwa na kugombea mirathi. Ni sanaa ambayo Wakenya waliizoea kupitia Churchill Show, nasi kupitia Cheka Tu ya Dar es Salaam. Juu ya simu hakuna aliyetuletea lalamiko lolote.

Tumtazame kwanza mtani. Katika msiba wa Mhehe, Mngoni au Mgogo hufika bila kuitwa. Huvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Humtangaza hadharani marehemu kuwa alikuwa bahili, na wafiwa, machozi yakiwa bado mashavuni, wanacheka kwa sababu ni kweli. Wazee wanatueleza kwamba utani wa Wahehe na Wangoni ulizaliwa katika vita vyao vikali vya karne ya 19. Waliokuwa wakiuana wakawa ndio wenye haki ya kuzikana. Kwa upande wa Mbeya, watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika juu ya mazishi yenye kilio, ngoma na kicheko siku moja, uwanja mmoja.

Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe. Huchimba kaburi, huteka maji, hupasua kuni, na hulala kwenye baridi ya matanga. Haki yake ya kucheka ameilipia kwa mgongo wake. Kanisa halina sababu ya kumwogopa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ibara ya 81, ulitaka ibada ya mazishi ioneshe wazi zaidi sura ya Kipasaka ya kifo cha Mkristo na ilingane na mapokeo ya kila mahali. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, alipowapokea wachekeshaji zaidi ya 100 huko Vatikani tarehe 14 Juni 2024, alisema kwamba hata Mungu anaweza kuchekewa bila kukufuru, kama tunavyotaniana na wale tunaowapenda. Mhehe angemwelewa mara moja.

Hatusemi, basi, kwamba mchekeshaji wa jukwaani anatenda dhambi. Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliwapunguzia watu wengi mizigo ya siku. Tunachouliza ni nani atakayechimba kaburi.

Tuna sababu ya kuuliza. Upo mzaha mmoja unaozunguka nchi nzima, kwamba Mhehe akiudhika kidogo hujitoa uhai. Na wengine huusindikiza kwa jina la Mtwa Mkwawa, aliyejiua tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Mzaha huo ukitoka kwa mtani anayejua jina la mama yako, ni jambo moja. Ukitoka jukwaani, ukaingia katika simu ya kijana ambaye usiku huo huo haoni sababu ya kuishi, ni jambo jingine kabisa, kwani aliyeusema hatakuwapo kesho yake. Tumekwisha kuingia katika nyumba za namna hiyo. Zamani Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Zile za mwaka 1983 hazina tena katazo hilo, na Katekisimu inafundisha kwamba maradhi ya nafsi na hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, wala tusikatie tamaa wokovu wake. Jirani asichekelee pale ambapo Kanisa limejifunza kuhurumia.

Kwa hiyo katika parokia yetu watani hawatazuiwa. Tunawaomba watulie wakati wa Misa na wa kubariki kaburi. Baada ya hapo uwanja ni wao. Na pale ambapo marehemu alijiondoa mwenyewe, watani wazee hawahitaji mafundisho yetu: hupokea jembe, wakachimba bila neno.

Nawe unayesoma haya ukiwa umechoka kuishi, usingoje Jumapili. Gonga mlango wa nyumba ya mapadre, hata usiku. Na hospitalini tutakusindikiza.