Kurasa Zilizojaa, Sauti Iliyonyamaza

Juma lililopita niliketi na kijana asiyeona, mwanafunzi wa chuo kikuu kimojawapo humu nchini, nikamtazama akifungua masomo yake katika kompyuta. Anatumia NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bure, na kazi yake ni kusoma maandishi kwa sauti.

Alipofungua mhadhara wa kwanza, sauti ikanyamaza.

"Hakuna kitu, mzee," akaniambia.

Lakini mimi niliona kurasa tele zimejaa maneno! Kumbe mhadhiri alipiga chapa mhadhara wake, kisha akazipiga picha karatasi na kutuma picha hizo. Programu hutafuta herufi, si picha. Kijana huweza kuilazimisha ibahatishe, ila majedwali hutoka yamevurugika, na somo lake ni hesabu za uchumi.

Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa ajili ya Korona, tumeyasifu mno masomo ya mtandaoni. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mlemavu haki ya kutumia Braille, lugha ya ishara na njia nyingine zimfaazo. Je, mhadhiri angepungukiwa nini kama angelituma faili lenyewe? (Viziwi nao huletewa video zisizo na maandishi chini yake.)

Nikamwuliza hufanyaje basi.

"Mwenzangu hunisomea usiku, akishamaliza yake."

Mitihani yao inaanza Jumatatu.