Maneno nayo iko na teneur yake

Mwenye kuchimba anajua hii mambo kupita sisi wote. Unafikisha mifuko yako ku dépôt kule Musompo, mawe ulichagua wewe mwenyewe. Négociant anaweka mashini ya kupima, anaangalia, anatingisha kichwa: «Teneur iko chini.» Saa ingine ni kweli. Saa ingine anatafuta tu kushusha bei.

Sasa, batoto yetu bengi hapa Kolwezi na Lubumbashi hawashuke tena mu shimo. Banaandika. Mwenye duka ya simenti, mwenye salon, mwenye shule ya private, banabatuma kuandika reklame ya Facebook na WhatsApp, ao maneno ya kuweka pa kibao. Hawana patron, hawana mushahara ya mwezi. Nao banasimama mbele ya mutu mwenye kutingisha kichwa.

Kijana mumoja aliandikia mwenye simenti maneno muzuri kabisa. Huyu akakataa. Kijana akataka kukasirika, kisha akauliza swali moja tu: «Ni wapi haikupendeze?» Muzee akajibu: batu banamupigia simu kila siku kuuliza kama anapeleka simenti mpaka ku nyumba, na ile haikuandikwa. Ile ni lawama ya kweli. Ilikuwa musitari moja, akaongeza, akalipwa.

Mwingine aliandikia mwenye salon. «Haina nguvu, rudilia.» Akarudilia mara tatu. Nguvu gani? Hakuna jibu. (Kwetu «nguvu» saa mingi maana yake ni Kifaransa kubwa-kubwa yenye hata mwenye salon hasomi mpaka mwisho.) Mara ya ine mama akasema: basi nitakulipa nusu. Na ile maneno «bila nguvu» ilikuwa tayari mu status yake ya WhatsApp tangu juzi! Hapo lawama haikuwa ya maneno. Ilikuwa ya bei.

Njo maana mi nasema: mwenye kuandika asijibu lawama kwa roho, ajibu kwa ile swali ya wapi. Mwenye kuwa na lawama ya kweli atakuonyesha kidole. Mwenye kutafuta bei atazunguka. Na mbele ya kuandika hata neno moja, mupatane kwa message, si kwa vocal: bei ngapi, nusu inalipwa mbele, kurekebisha mara mbili, ya tatu iko na bei yake. Banasema muteja atakimbia. Mwenye kukimbia ju ya avansi, hata mwisho hangelipa.

Kuko jambo ingine. Mu 2018, tone moja ya kobalti ilipita dola 90.000, mwaka uliofuata ikashuka chini ya 30.000. Tarehe 22/2/2025 serikali ikasimamisha kuuzisha kobalti inje, na tangu tarehe 16/10 tuko mu mambo ya quota. Wakati kobalti inalala, duka nayo inalala, na kitu ya kwanza mwenye duka anakata ni reklame. Ile haianze na «sina makuta». Inaanza na lawama. Maneno yenye ilimufurahisha mwezi uliopita, leo anaona iko mubaya. Kijana asiyejua hii atafikiri akili yake imeisha, kumbe ni bei ya kobalti.

Kwa hiyo asitegemee tu benye kula ku mine. Pharmacie inauzisha hata kobalti ikilala. Mashule, mwezi wa munane, mbele ya batoto kurudia masomo, banatafuta mutu wa kuandika. Na mwezi yenye kuingiza muzuri, ile makuta isiishie yote ku viatu. Sehemu yake inunue mega na unga ya mwezi yenye itakuja kavu.

Lakini iko neno ku baba na mama pia. Mutoto anakaa pa nyumba na simu mukononi, munasema: uyu iko analala tu, bora aende ku carrière na benzake. Saa ingine yeye iko anarekebisha maneno ya mutu kwa mara ya tano, bule. Baba, wewe ulibishana na mashini ya teneur miaka yote. Kaa naye pembeni, muulize: ni wapi haikubapendeze? Na avansi, balikupa?