JE, MWENYEJI ANAPONA?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mjini kwetu Moshi maneno haya twayaona kwa macho kila siku. Wageni hutoka pande zote za dunia kuja kupanda Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa meta 5,895, nao kabla ya kupanda na baada ya kushuka hulala katika hoteli zetu. Humo wamo vijana wa hapa Soweto waliomaliza Kidato cha Nne: wapokezi, wahudumu wa meza, wapishi, madobi na watandika vitanda. Swali langu ni hili: Je, huyo mwenyeji kijana anapona?

Wazee wengine husema kwamba vijana wa siku hizi hawatulii kazini kwa sababu ya uvivu. Leo yuko hoteli hii, mwezi ujao yuko nyingine. Mimi sikubaliani na neno hilo. Mvivu hawezi kuamka saa kumi alfajiri ili wageni wapate chai kabla ya safari ya kwenda lango la Machame au Marangu. Nionavyo, kinachomchosha kijana ni mashaka. Hajui mwisho wa mwezi atapata nini, wala zamu yake itakwisha saa ngapi.

Jambo la kwanza ni bakshishi. Bakshishi ni kitu chema, kwani ni shukrani ya mgeni. Lakini mwajiri akiihesabu kuwa sehemu ya mshahara, huwa ameuweka mkate wa mtumishi wake mikononi mwa mgeni. Mwezi wa Agosti kijana hucheka. Aprili mvua hunyesha, vyumba ni vitupu, naye hudaiwa kodi ya nyumba vile vile. Mwaka 2019 Tanzania ilipata watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa ugonjwa wa korona, walikuwa kama 620,000 tu. Aliyetegemea bakshishi mwaka ule alikula nini?

Jambo la pili ni saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema wazi: saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, mtumishi apumzike saa 24 kila juma, na apate likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tena apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ni vijana wangapi wameiona karatasi hiyo?

Jambo la tatu ni heshima, na hapa lawama ni yetu sote. Karani wa benki huitwa bwana. Mhudumu wa hoteli huitwa kwa mluzi. Nasi wanafunzi twatishana, "Ukifeli utabeba sahani." Maneno hayo hayafai. Mpokezi mwema hujua lugha, hesabu na tabia za watu, na Chuo cha Taifa cha Utalii hakikuwekwa kufundisha mambo ya bure.

Huenda mwenye hoteli akajibu kwamba biashara yake ni ya msimu. Ni kweli. Lakini kuandika mkataba na kubandika orodha ya zamu ukutani hakuhitaji fedha nyingi. Mshahara mdogo unaojulikana, ukilipwa kwa siku yake, kijana huweza kuupangia. Aliyeridhika hukaa, akikaa huwa hodari, naye mgeni aliyehudumiwa na hodari hurudi.

Basi, wazazi wetu, someni mkataba pamoja na mwanenu kabla hajatia sahihi. Walimu wetu, tufundisheni sheria ya kazi kama mnavyotufundisha hesabu. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkiajiriwa hotelini msione haya kujiunga na chama cha wafanyakazi, CHODAWU. Hapo mgeni akija, mwenyeji atapona kweli.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano