Anayerudi Safari Tumsikilize



Likizo iliyopita, Ruaha Mbuyuni, dereva wa lori aliyekuwa amerudi kutoka Lubumbashi alikaa nasi nje ya kigango baada ya ibada. Tulimuuliza jambo moja tu: umetuletea nini? Akacheka, akanyamaza. Juma lililofuata alikuja padre aliyewahi kufika Roma. Huyo tulimkalisha mbele, tukamsikiliza saa nzima.

Hatukutenda haki. Yule dereva alilala siku ngapi kwenye foleni ya Kasumbalesa? Jumapili alisali wapi, na kwa lugha gani? Sisi tunaojiita wanafalsafa, tunaofundishwa kuuliza maswali, hatukuuliza.

Kosa hili si la leo. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliwapokea Februari 1874. Mwaka huohuo wawili hao walipelekwa Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za Livingstone, kisha wakarudi Zanzibar. Waliulizwa sana habari za bwana wao. Habari za Uingereza waliyoiona wao wenyewe, nani aliwaketisha wazisimulie? Pale misheni ya Bagamoyo mnara unaitwa kwa jina la Livingstone. (Mnara ni wake, miguu ilikuwa yao.)

Likizo ijayo tutashuka tena pale kwenye mabanda ya vitunguu. Tumeshamwomba katekista atutafutie yule dereva.