Homa Nyuma ya Kaunta
Juzi Kariakoo nilihudumiwa na binti aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Nilipomsihi akapumzike, alinijibu kwa sauti ya chini: “Nikilala leo, mama, siku inakatwa.” Nimeibeba kauli hiyo wiki nzima. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wazee, na kwa Tanzania Bara uji huo umeshapikwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri naye hakusahauliwa: bila cheti cha daktari halazimiki kulipa, nami naona ni haki, maana wapo wanaougua kila Jumatatu. Lakini cheti halali kikishawekwa mezani, kumkata mgonjwa mshahara ndani ya siku zile 63 za kwanza ni kumwibia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila mwenye madai ya namna hii apeleke mapema. Muda wake ni siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.