Wasia si wa wenye majumba tu

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma jarida hili pamoja nao,

Taja wasia kwenye shughuli yoyote ya watu wetu hapa Uingereza. Mmoja atakwambia usijitakie mabaya. Wa pili atacheka: "Mimi nina nini cha kurithiwa? Nyumba ya kupanga na gari la mkopo." Wa tatu atasema ndugu watajua la kufanya. Nawaheshimu wote, lakini siwaungi mkono, na hasa huyo wa tatu.

Kule kwetu ndugu hujua la kufanya kwa sababu wapo. Matanga hayajaisha, shangazi ameshawachukua watoto, na ami anajua shamba limepakana na la nani. Hapa shangazi yuko Tanga, ami yuko Muscat, na huenda atakayegonga mlango ni afisa wa ustawi wa jamii asiyeujua ukoo wetu. Si mtu mbaya, anafuata sheria. Na sheria ya hapa haimpi shangazi mamlaka juu ya watoto kwa kuwa ni shangazi tu.

Ndiyo maana nasema wasia ni wa watoto kwanza, kisha wa mali. Kwa England na Wales, Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inamruhusu mzazi mwenye dhamana ya mtoto kumteua mlezi atakayemlea ikiwa wazazi wote wawili hawapo. Uteuzi huo unatakiwa uwe wa maandishi, wenye tarehe na sahihi, na mahali pazuri pa kuuweka ni ndani ya wasia. Usipoteua, mahakama ndiyo itakayoamua. Asiye na hata kijiko cha fedha ana watoto, basi ana cha kuandika.

Najua kinachotuzuia. Ukimtaja dada, wifi atanuna. Ukimtaja rafiki wa hapa mtaani, ukoo mzima utauliza kulikoni. Lakini kununa kwa ndugu ukiwa hai kunatibika: utapiga simu, utaeleza, utaomba radhi. Ukishaondoka, wataulizana wenyewe, na watoto watakuwa katikati.

Tuje kwenye mali. Asiyeandika wasia huandikiwa na sheria. Aliyeacha mke au mume na watoto, mwenzake wa ndoa hupata vitu vya nyumbani, pauni 322,000 za mwanzo, na nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine ni ya watoto. Mama yako uliyekuwa ukimtumia pesa kila mwezi hapati hata senti. Muislamu aliyedhani sudusi ya mama na thumuni ya mke zitajigawa zenyewe ajue kwamba mahakama ya hapa haigawi hivyo mpaka yeye mwenyewe awe ameandika. Mkristo aliyeahidi mchango kwa kanisa la kijijini kwao, naye ahadi yake ya mdomo haitafika.

Kuna jambo linalowagusa kina mama wengi, nalo tunalisema kwa kunong'ona. Nikahi iliyofungwa hapa bila kuandikishwa serikalini haihesabiwi kuwa ndoa kisheria. Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2020. Mwenzako akifariki bila wasia, sheria ya mirathi haikutambui kuwa mke, hata kama mmekaa miaka ishirini. Ndoa iliyofungwa Mombasa au Zanzibar kwa sheria za huko kwa kawaida hutambuliwa.

Na kile kiwanja cha nyumbani? Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Kwa hiyo mwenye shamba Kilifi amuulize pia wakili wa Kenya. Ukiandika wasia wa pili huko, angalia usiwe na maneno ya kufuta wasia zote za nyuma, ukaufuta na wa hapa bila kukusudia.

Kuandika kwenyewe si mlima. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, kisha nao watie zao mbele yako. Shahidi asiwe mrithi wala mke au mume wa mrithi, kwa sababu atapoteza alichoachiwa. Kumbuka pia kwamba ukioa au kuolewa baadaye, wasia wa zamani kwa kawaida hubatilika.

Wasia wa kisheria andika kwa Kiingereza, mambo yawe mepesi mahakamani. Lakini ambatanisha barua ya Kiswahili. Haitakuwa na nguvu ya sheria, ila mlezi ataijua nia yako: watoto walelewe katika dini gani, wapelekwe kwa bibi lini, nani anakudai, uzikwe wapi, na Jumamosi waendelee kuja darasani. Barua hiyo bibi ataweza kuisoma, na watoto pia, maana ndiyo kazi ya shule hii.

Wala tusiseme haya ni mambo ya kizungu. Mwana Kupona wa Pate alikuwa mgonjwa alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hakungoja apone ndipo aseme, na hakuona kwamba kusema ni kujiitia kifo. Alimwachia mwanawe maneno ambayo mpaka leo tunayasoma.

Nanyi watoto, msiogope kuwauliza wazazi: "Nani atatulea nyinyi msipokuwepo?" Si utovu wa adabu. Na nyinyi mlio wakubwa kidogo mna haki ya kusema mngependa kukaa na nani.

Ombi langu ni moja. Kabla muhula huu haujaisha, kila nyumba ikae jioni moja, ikubaliane jina la mlezi, impigie simu mlezi huyo kumuomba, kisha iandike. Nyumba na pesa mtazijadili wiki inayofuata.